Nyimbo za Mtindo wa Jadi katika Shindano la Eurovision

Shindano la Nyimbo la Eurovision, ambalo huandaliwa kila mwaka na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, yaani chama cha mashirika ya redio na televisheni kilichoundwa mwaka 1950, halikuanzishwa kwa nia ya kuhifadhi muziki wa jadi wa taifa lolote. Shindano la kwanza, lililofanyika tarehe 24 Mei 1956 katika mji wa Lugano nchini Uswisi na kushirikisha nchi 7 zilizoleta nyimbo 2 kila moja, lilikuwa jaribio la kitaalamu la kurusha matangazo ya moja kwa moja kuvuka mipaka, na wakati huohuo lilikuwa mwigo wa tamasha la Sanremo la Italia, ambako nyimbo nyepesi za mapenzi zilikuwa zikishindanishwa tangu mwaka 1951. Hata hivyo, tangu miaka ya mwanzo hadi leo, jukwaa hilo halijawahi kukosa kwa muda mrefu nyimbo zenye sura ya kijijini, zikiletwa na waimbaji waliovaa mavazi ya wahenga wao, wakipuliza mabaragumu ya wachungaji au wakiimba kwa lahaja ambazo hata wananchi wenzao hawazielewi. Baadhi ya nyimbo hizo zilishinda, nyingine ziliambulia sifuri. Historia yake, ikichunguzwa kwa makini, ni historia ya kanuni zaidi kuliko historia ya mila, kwa sababu kila mara waandaaji walipobadili masharti ya lugha, ya ala na ya upigaji kura, maana ya kuitwa wimbo wa jadi nayo ilibadilika.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini hapa pametumika maneno "mtindo wa jadi" na si "nyimbo za jadi". Wimbo wa jadi kwa maana kamili ni ule uliopokelewa kwa mdomo kizazi baada ya kizazi, usiojulikana mtunzi wake, na ambao mara nyingi hufungamana na kazi, ibada, arusi au msiba. Eurovision, kinyume chake, hudai wimbo mpya wenye mtunzi anayejulikana kwa jina, usiotolewa hadharani kabla ya tarehe iliyowekwa na waandaaji, usiozidi dakika 3 na, tangu mwaka 1971, usiopandisha jukwaani zaidi ya watu 6. Wimbo wa mavuno unaoimbwa tangu alfajiri hadi jua kuchwa, wala utenzi wa kale wenye beti 60, hauwezi kupita katika mlango huo. Kinachopita ni utunzi mpya unaoazima kitu kutoka kwenye jadi, ambacho huweza kuwa mpangilio wa noti, namna ya kutoa sauti, ala, vazi au hadithi. Wakosoaji wanaoziita nyimbo hizo bandia wanazilaumu kwa jambo ambalo limeamriwa na kanuni zenyewe.

Katika miongo miwili ya kwanza mazingira hayakuzisaidia. Kila nchi ilileta kiongozi wake wa okestra, akaongoza wanamuziki wa nchi mwenyeji waliozoea fidla, tarumbeta na piano. Majaji walikuwa majopo madogo yaliyokaa katika kila mji mkuu. Na kielelezo kilichotawala kilikuwa wimbo wa Kifaransa wa mapenzi, wenye maneno mengi na mwisho wa kupaza sauti. Ndani ya mfumo huo jadi iliingia kama kiungo kidogo tu. Mfano wa mapema ni wa Norwei, ambayo katika shindano lake la kwanza, lililofanyika London mwaka 1960, ilimpeleka Nora Brockstedt na wimbo "Voi Voi", ambao kibwagizo chake kiliazimwa kutoka kwenye yoiki, yaani uimbaji wa Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Norwei, Sweden, Finland na rasi ya Kola nchini Urusi. Brockstedt hakuwa Msami, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kuchangamsha tu. Lakini ulishika nafasi ya 4 kati ya nchi 13, na hivyo ukawapa watangazaji wa Oslo fununu kwamba kitu ambacho serikali yao ilikuwa ikijitahidi kukifuta mashuleni kingeweza kupendwa ugenini.

Kanuni ya kwanza iliyobadili mwelekeo ilihusu lugha. Mwaka 1965, mjini Naples, mwimbaji wa opera Ingvar Wixell aliiwakilisha Sweden kwa Kiingereza, na kuanzia mwaka uliofuata kila nchi ililazimishwa kuimba kwa lugha yake ya taifa. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1973, likarudishwa mwaka 1977, na likadumu hadi mwaka 1998. Mtu angetarajia kwamba lugha za taifa zingevuta nyimbo za jadi nyuma yake, lakini haikutokea hivyo mara moja, maana nchi nyingi ziliimba mapenzi yaleyale kwa lugha tofauti. Ireland ilipoimba kwa Kiairishi mwaka 1972 mjini Edinburgh, kupitia kwa Sandie Jones, iliimba kwa lugha ambayo ni ya kwanza ya dola kikatiba ingawa wanaoizungumza kila siku ni wachache, na haikurudia tena. Uswisi nayo mwaka 1977 ilipanda jukwaani na baragumu refu la mbao la wachungaji wa milima ya Alpi katika wimbo "Swiss Lady" wa kundi la Pepe Lienhard, ambao ulishika nafasi ya 6 na ambao uliitazama jadi kwa jicho la muuza zawadi kwa watalii.

Uzito uliingia kwa njia ya Ugiriki. Mwaka 1976, katika shindano lililofanyika The Hague nchini Uholanzi, Mariza Koch, mwanamke aliyekwisha kujulikana kwao kwa kuimba nyimbo za visiwani, aliimba ombolezo la kumlilia Bikira Maria juu ya kisiwa cha Kupro, ambacho majeshi ya Uturuki yalikuwa yamekivamia mwaka 1974. Sauti ya ombolezo, ambayo katika vijiji vya Ugiriki ni kazi ya wanawake wakati wa msiba, iligeuzwa kuwa shitaka la kisiasa mbele ya mamilioni ya watazamaji; Uturuki haikushiriki mwaka huo, na wimbo ulishika nafasi ya 13. Kwa hesabu ya pointi hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa historia ya shindano lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa lilionyesha kwamba kile ambacho hotuba haikuruhusiwa kukisema pale kingeweza kusemwa na lahani ya kale.

Somo hilo lilitumiwa kwa ukamilifu zaidi miaka 4 baadaye, na katika mji uleule wa The Hague, usiku wa tarehe 19 Aprili 1980. Ili kuuelewa wimbo wa Norwei wa usiku huo, ulioitwa "Sámiid ædnan", yaani nchi ya Wasami, ni lazima kuelewa mambo mawili. La kwanza ni yoiki yenyewe. Kwa desturi za Wasami, yoiki haimwelezi mtu kama wimbo wa sifa unavyofanya, bali huhesabiwa kuwa ndiyo mtu huyo, au mnyama huyo, au mlima huo. Aliyetungiwa yoiki huimiliki, na anayeiimba humfanya mwenyewe awepo hata kama yuko mbali au amekwisha kufariki. Huimbwa mara nyingi bila ala, kwa silabi zisizo na maana ya kamusi, zinazozunguka bila mwanzo wala mwisho ulio wazi. Wamisionari wa karne za 17 na 18 waliihusisha na ibada za mizimu, wakachoma ngoma za waganga na kuitangaza yoiki kuwa dhambi, na sera ya kuwafanya Wasami wawe Wanorwei, iliyotekelezwa hasa mashuleni, iliendelea kuikandamiza hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

La pili ni mto. Serikali ya Norwei ilikuwa imepanga kujenga bwawa la umeme katika mto Alta-Kautokeino, na mpango wa awali ungekizamisha kijiji cha Wasami cha Máze. Mpango huo ulipunguzwa, lakini haukufutwa, na wafugaji wa kulungu wa kaskazini waliona kwamba malisho na njia za mifugo yao vitaharibiwa. Mwezi Oktoba 1979 vijana wa Kisami walisimika hema la kijadi mbele ya Bunge mjini Oslo na kugoma kula, na mgomo huo ndio ulioligeuza suala la mto wa mbali kuwa suala la dhamiri ya taifa zima. Wimbo wa mwaka 1980 ulitokana na mgomo huo. Maneno yake yaliandikwa na Ragnar Olsen na lahani ikatungwa na Sverre Kjelsberg, mwanamuziki wa Kinorwei kutoka kaskazini, ambaye aliimba beti za Kinorwei, kisha Mattis Hætta, Msami aliyevaa vazi la kwao, akaimba yoiki. Kanuni ya lugha ya taifa ilikuwa ikitekelezwa wakati huo, na yoiki, kwa kuwa kwa kiasi kikubwa haina maneno, ilipita katikati ya kanuni bila kuivunja.

Majaji wa Ulaya hawakuguswa sana, na Norwei ilimaliza ya 16 kati ya nchi 19 kwa pointi 15. Lakini nyumbani wimbo ulipendwa mno, na kwa mara ya kwanza wananchi wengi wa kusini walijikuta wakiimba kibwagizo cha watu ambao walikuwa wamezoea kuwadharau. Kusema kwamba wimbo uliokoa mto kungekuwa kutia chumvi: mwezi Januari 1981 polisi wapatao 600 waliwaondoa waandamanaji kwa nguvu, na bwawa likakamilika mwaka 1987. Hata hivyo mzozo huo ndio uliozaa mfululizo wa tume na sheria zilizofikia kufunguliwa kwa Bunge la Wasami mwaka 1989, na wimbo wa Kjelsberg na Hætta umebaki katika kumbukumbu ya kipindi hicho pamoja na hema la Oslo.

Usiku huohuo wa mwaka 1980 nchi ya Afrika ilishiriki kwa mara ya kwanza, na hadi sasa kwa mara pekee. Moroko, iliyojitokeza wakati Israeli haikuwepo, ilimpeleka Samira Bensaid, akaimba kwa Kiarabu na kuambulia pointi 7, zote kutoka Italia. Nafasi yake ilikuwa ya 18. Ni vigumu kutoona kwamba katika jedwali la usiku huo sauti mbili zilizokuwa mbali zaidi na kielelezo cha Kifaransa, yaani ya Msami na ya Mmoroko, zilikaa karibu na mkia.

Majopo hayo yalionyesha tabia ileile mwaka 1983 mjini Munich, pale Hispania ilipomtuma Remedios Amaya, mwimbaji wa flamenko kutoka jamii ya Waroma wa Andalusia. Flamenko ni sanaa ya sauti iliyopasuka, inayojivunia ukali wa koo na kupinda noti mahali ambapo piano haiwezi kufika. Amaya aliimba akiwa pekupeku, na alipata sifuri. Waliofuatilia muziki wa Hispania wanajua kwamba aliendelea kuheshimiwa kwao kwa miongo mingi baada ya hapo, jambo linaloonyesha ni kipimo cha nani kilichokuwa na kasoro.

Mabadiliko ya ladha yalianza katika miaka ya 1990, na kwa namna isiyotarajiwa yalianzia Ufaransa, nchi yenye wivu mkubwa juu ya lugha yake. Katika kipindi kifupi Ufaransa iliwakilishwa na Joëlle Ursull wa Guadeloupe, aliyekuwa wa 2 mwaka 1990. Na Amina, mzaliwa wa Tunisia, ambaye mwaka 1991 alilingana kwa pointi na Carola wa Sweden na kushindwa tu kwa kanuni ya kuwatenganisha waliofungana. Kisha Kali wa Martinique, aliyeimba kwa Krioli mwaka 1992. Na hatimaye, mwaka 1996, Dan Ar Braz na kundi lake lililoimba kwa Kibretoni, lugha ya Kiselti ya magharibi mwa Ufaransa ambayo shule za Jamhuri zilikuwa zimeipiga marufuku kwa vizazi kadhaa. Shabaha haikuwa ushindi tu; Paris ilikuwa ikijaribu sura mpya ya taifa lenye rangi na lugha nyingi, na Eurovision ilikuwa mahali rahisi pa kufanyia jaribio hilo. Jaribio la Kibretoni lilimaliza la 19.

Waselti wa ng'ambo ya bahari walifanikiwa zaidi. Tarehe 30 Aprili 1994, mjini Dublin, wakati kura zilipokuwa zikisubiriwa, watangazaji wa Ireland walionyesha onyesho la dakika 7 la ngoma ya kwao, kwa muziki wa Bill Whelan, wachezaji Jean Butler na Michael Flatley, na kwaya ya Anúna. Onyesho hilo, lililoitwa Riverdance, halikuwa katika shindano, lakini watu wengi wasioweza kuutaja wimbo ulioshinda usiku huo wanalikumbuka, na mwaka uliofuata lilikuwa tamthilia kamili ya jukwaani iliyozunguka dunia. Ngoma ya Kiairishi, ambayo kwa desturi huchezwa mikono ikiwa imenyooka kando ya mwili na uso ukiwa mkavu, ilipewa mwanga, kasi na safu ndefu ya wachezaji, na ikagundulika kwamba jadi iliyopangwa kwa ajili ya kamera huuzika. Mwaka 1995 Norwei ilishinda kwa "Nocturne" ya kundi la Secret Garden, ambayo ilikuwa na maneno 24 tu, huku sehemu iliyobaki ikichukuliwa na fidla ya Fionnuala Sherry, mwanamke wa Ireland. Wapo waliouliza kama huo ulikuwa wimbo au muziki mtupu, na swali lao halikuwa la kipuuzi. Mwaka 1996 Ireland yenyewe ilishinda kwa "The Voice", utunzi wa Brendan Graham ulioimbwa na Eimear Quinn, aliyepata kuimba na Anúna.

Baada ya hapo kanuni tatu zilibadilika karibu kwa pamoja, na pengine hakuna kipindi kingine kilichoathiri zaidi nyimbo za mtindo wa jadi. Mwaka 1997 nchi 5 zilijaribu kura za simu za watazamaji badala ya majopo, na mwaka uliofuata utaratibu huo ukaenea. Mwaka 1999 kila nchi iliruhusiwa kuimba kwa lugha yoyote. Na mwaka huohuo okestra iliondolewa, muziki wote ukawa unatoka kwenye rekodi. Matokeo ya badiliko hili la tatu hayatajwi vya kutosha. Tangu mwaka 1999 sauti za waimbaji wakuu husikika moja kwa moja, lakini ala zinazoonekana jukwaani ni bubu, na mpulizaji wa filimbi au mpigaji wa fidla huigiza tu kile kilichokwisha kurekodiwa studio. Kwa muziki wa dansi wa mjini hilo si hasara kubwa. Kwa muziki wa jadi, ambao thamani yake iko katika pumzi ya mpulizaji na makosa madogo ya kidole, ni kama kumwalika mpishi mashuhuri kisha kumtaka asimame tu karibu na sahani zilizopikwa jana. Hivyo ala ya jadi iligeuka kuwa sehemu ya vazi, na tangu hapo kilichokuwa cha jadi kwa hakika jukwaani, kama kipo, ni koo la mwimbaji.

Uhuru wa lugha ulitarajiwa kuziua nyimbo za aina hii, lakini ulifanya kinyume. Nchi zilipoanza kuimba Kiingereza kwa wingi, zililazimika kutafuta njia nyingine ya kujitambulisha, na ngoma, zumari na mavazi vilichukua kazi iliyokuwa ikifanywa na lugha. Mwaka 2003 mjini Riga Uturuki ilishinda kwa mara ya kwanza kwa wimbo wa Kiingereza wa Sertab Erener, uliopambwa kwa midundo ya Istanbul na wachezaji wa kukata viuno. Na iliyomfuata kwa tofauti ya pointi 2 ilikuwa Ubelgiji, ambayo kundi lake la Urban Trad liliimba kwa lugha isiyokuwapo duniani, iliyobuniwa kwa ajili ya wimbo huo. Katika nchi ambayo wasemaji wa Kifaransa na Wafleming hugombea kila kibao cha barabarani, lugha isiyo ya mtu yeyote ilikuwa busara ya kisiasa, iwe ilikusudiwa au la.

Mwaka uliofuata, mjini Istanbul, Ruslana wa Ukraine alishinda kwa pointi 280 kwa wimbo "Wild Dances". Ruslana, mzaliwa wa Lviv, alikuwa ametembelea Wahutsuli, wakazi wa milima ya Karpati, kutafuta midundo na ala zao, hasa trembita, baragumu la mbao lenye urefu wa mita kadhaa ambalo wachungaji hulitumia kupelekeana habari za mifugo na za vifo. Jukwaani trembita ilifuatwa na ngoma za kishindo na mavazi ya ngozi yaliyodokeza ushenzi wa kubuniwa. Watafiti wa utamaduni wameeleza kwamba nchi za mashariki, nyingi zikiwa zimeingia katika shindano baada ya mwaka 1993, zilijifunza kujionyesha jinsi Ulaya ya magharibi ilivyopenda kuziona, yaani zenye moto, misitu na wanawake wakali. Shutuma hiyo ina ukweli, lakini haitoshi, kwa sababu kwa watazamaji wa Kiev wimbo huohuo ulisema jambo jingine kabisa: kwamba nchi yao si kipande cha Urusi, na kwamba ina milima na sauti zake yenyewe.

Wakati mwingine ugomvi ulikuwa wa ndani. Kroatia ilipomchagua Severina mwaka 2006, kwa wimbo uliotumia ganga, yaani uimbaji wa sauti zinazogongana kwa makusudi unaopatikana Herzegovina na bara la Dalmatia, magazeti ya nchi hiyo yalibishana kama huo ni muziki wa Kroatia au wa Serbia, na ubishi huo miaka michache tu baada ya vita haukuwa mchezo. Milima haikuwahi kuufuata mpaka uliochorwa na wanasiasa, na ganga huimbwa na watu wa dini na mataifa zaidi ya moja.

Norwei, ambayo mwaka 2009 ilishinda kwa pointi 387 kupitia fidla ya Alexander Rybak na wachezaji wa halling, ngoma ya vijana wa vijijini inayohitaji kuruka na kupiga teke juu ya kichwa, ilileta mwaka 2011 jambo linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili. Stella Mwangi, mzaliwa wa Kenya aliyehamia Norwei akiwa mtoto, alishinda mchujo wa taifa kwa wimbo "Haba Haba", ambao beti zake ni za Kiingereza na kibwagizo chake ni cha Kiswahili, lugha ambayo haikuwahi kusikika katika shindano hilo kabla yake. Wimbo unasimulia mafunzo ya bibi kwa mjukuu, na jina lake limetolewa katika methali ambayo kila mtoto wa Afrika Mashariki huijua, ile ya haba na haba kujaza kibaba. Huko Düsseldorf ulipata pointi 30 na kushika nafasi ya 17 katika nusu fainali, na hivyo haukufika fainali. Tathmini ya haki itasema kwamba katika muziki wake hapakuwa na mengi ya Afrika Mashariki, kwa kuwa mdundo ulikuwa wa dansi ya kawaida ya redio. Jadi ilikuwa ndani ya methali, na methali ndiyo iliyokuwa sehemu ambayo watazamaji wa Ulaya hawakuweza kuisikia. Wasami walikuwa na yoiki isiyohitaji tafsiri. Mwangi alikuwa na hekima isiyofaa kitu bila tafsiri.

Mabibi wa Buranovo, waliokuja mwaka mmoja baadaye, hawakuwa na tatizo hilo. Walikuwa wanawake wazee wa kijiji cha Udmurtia, jamhuri ya ndani ya Urusi karibu na milima ya Ural, na waliimba kwa Kiudmurti, lugha ya jamii ya Kifini-Ugri, pamoja na kibwagizo cha Kiingereza. Lengo lao lililotangazwa lilikuwa kujenga upya kanisa la kijiji, lililobomolewa enzi za Kisovieti. Walishika nafasi ya 2 mjini Baku kwa pointi 259. Watu waliwacheka na kuwapenda kwa pamoja, na ni vigumu kutenganisha viwili hivyo. Lakini jamii ndogo ambayo lugha yake inapungua wasemaji kila mwaka ilisikika kwa usiku mmoja Ulaya nzima, na hilo halikupata kutokea kwa njia nyingine.

Ukraine ndiyo iliyoifikisha sanaa hii mahali pake pa juu kabisa. Jamala, Mtatari wa Krimea aliyezaliwa Kyrgyzstan, alishinda mjini Stockholm mwaka 2016 kwa wimbo "1944", uliomhusu bibi mzaa bibi yake na kufukuzwa kwa Watatari wa Krimea kwa amri ya Stalin mwaka huo. Kibwagizo chake cha Kitatari kilitokana na wimbo wa jadi wa watu hao, na waandaaji, ambao kanuni zao hukataza siasa, walikubali kwamba tukio la kihistoria si siasa, ingawa Krimea ilikuwa imenyakuliwa na Urusi miaka 2 tu kabla. Mwaka 2021 kundi la Go_A lilishika nafasi ya 5 kwa "Shum", uliojengwa juu ya nyimbo za kuita majira ya machipuko, na Kateryna Pavlenko akaimba kwa ile inayoitwa sauti nyeupe, yaani sauti ya wazi isiyotetemeka ambayo wanawake wa vijijini huitumia shambani ili isikike mbali. Mwaka 2022, miezi 3 hivi baada ya majeshi ya Urusi kuivamia nchi, Kalush Orchestra ilishinda mjini Turin kwa pointi 631, ambazo 439 kati yake zilitoka kwa watazamaji, kwa wimbo uliochanganya rapu na filimbi za Karpati na kumsifu mama. Kombe lenyewe liliuzwa kwa mnada ili kununulia jeshi ndege zisizo na rubani.

Katika mfululizo huo mgongano kati ya majopo, yaliyorejeshwa mwaka 2009, na watazamaji haujaisha. Kundi la KEiiNO la Norwei, lenye Msami Fred Buljo aliyeimba yoiki, lilikuwa la kwanza kwa kura za watazamaji mwaka 2019 mjini Tel Aviv, lakini majopo yaliliweka chini sana, na likamaliza la 6. Wala mgongano na kanuni ya upya haujaisha: "Shum" ilibidi ifupishwe na kuandikiwa maneno mengine kabla ya kukubaliwa, na mwaka 2024 kundi la Gåte la Norwei lililazimika kurekebisha maneno ya "Ulveham", hadithi ya msichana aliyegeuzwa mbwa mwitu, kwa kuwa toleo la kwanza lilikuwa na mistari ya utenzi wa kale. Kanuni iliyoandikwa kuzuia watunzi kuiba nyimbo za wenzao inatumika kuwazuia watu kuimba nyimbo za babu zao, ambazo hazina mwenyewe wa kulalamika. Hiyo ni kanuni mbaya, na mashirika wanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya yana uwezo wa kuibadilisha, kama yalivyobadili ile ya lugha mara tatu.